Vifungo vya Koti la Fideli

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, picha ya askari marehemu ilipowekwa juu ya meza yetu ya kazi pale Buyenzi, mjini Bujumbura, na mimi peke yangu, kati ya wote waliokuwepo, nikaona kwamba fundi wa studio aliisafisha kinyume. Kulia kwa yule askari kulikuwa kushoto, na kushoto kwake kulikuwa kulia. Niliona mara moja, chai yangu ikiwa bado ya moto. Nikanyamaza.

Ni kimya hicho ninachotaka kukusimulia. Nimekuangalia siku hizi unavyokaa na simu yako, ukitazama kazi za mwenzako na sifa anazomiminiwa, kisha unailaza kifudifudi na kununa mchana mzima. Juzi nilikusikia ukinong'ona peke yako kwamba kuna kosa katika kazi yake, na hukumwambia. Usidhani mzee haoni. Ugonjwa huo ninaujua. Niliugua mwenyewe, na sijapona sawasawa mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, na jina langu, Salvatori, lilikuwa na uzito kidogo mitaani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza sanamu ndogo za wanajeshi: kichwa, shingo na kifua, basi, urefu wa glasi ya chai. Askari waliostaafu walizipenda kupita kiasi. Mtu akimaliza utumishi wake alitaka ajione juu ya kabati la vyombo, karibu na redio, na kofia yake na nishani zake, ili wakwe wakija wajue wamefika kwa nani. Wengine walileta picha, wengine walijileta wenyewe na kukaa mbele yangu wamekaza shingo kana kwamba jenerali anapita kuwakagua.

Udongo hatukutumia. Tulitumia mastiki, ile dawa nzito ya kuziba mabonde kwenye bodi za magari, maana meza yetu ilikuwa kwenye kona ya gereji ya Mzee Ramadhani, fundi wa kunyoosha bodi. Unapinda waya uwe mifupa, unaupigilia kwenye kibao, unachanganya mastiki na dawa yake ya kukazia, halafu unaanza kukimbizana na muda. Kwanza ni uji, kisha ni sabuni, kisha ni jiwe, na kutoka uji mpaka jiwe hupati hata nafasi ya kumaliza andazi. Kazi yote ya maana inafanyika wakati ni sabuni. Hapo unachonga kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa na kipande cha wembe, na mkono ukitetemeka unabandua na kuanza upya.

Mzee Ramadhani mwenyewe hakuigusa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa msikitini, hakukosa swala, na aliamini kwamba kuumba sura ya kiumbe ni kumwingilia Mungu kazi yake. "Mi nawapa kona na mastiki," alikuwa akituambia, na "lakini" yake ilikuwa ya Kifaransa, "mais sura ya mutu, iyo mutaulizwa nyinyi, apana mimi." Kisha anacheka na kurudi kugonga mlango wa gari la watu.

Mimi nilikuwa bingwa wa nguo. Mjomba wangu alikuwa mshonaji wa sare za jeshi, nikakulia chini ya cherehani yake nikichezea vifungo. Nilijua mfuko unakaa wapi, ukosi unalala vipi, cheo kinashonwa umbali gani kutoka begani. Kifungo changu kilikuwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ukikitazama vizuri unaona mashimo yake manne. Sura nazo nilizifanya, nisiseme sikuzifanya. Lakini ukipanga sanamu zangu tano pamoja ungedhani ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kunilinganisha naye.

Halafu akaja Dismas.

Alitoka Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ambako masika maji hayaombi ruhusa kuingia ndani ya nyumba. Bibi yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na mtu wa vyungu wakati ule hakuheshimiwa, hata na wale waliopikia vyungu vyake. Mzee Ramadhani alimpokea gerejini kwa kazi ya kupiga msasa. Siku ya tatu, nikiwa nakunywa chai, akaokota mastiki niliyobakiza na kuanza kuiminyaminya. Nilipogeuka nilimkuta Mzee Ramadhani amesimama kinywa wazi. Juu ya kidole gumba cha Dismas kulikuwa na sura ya Mzee mwenyewe, na ile tabia yake ya kukunja jicho moja akikadiria bati. "Astaghfirullah," Mzee akasema, lakini hakuacha kuangalia.

Niliweka chai yangu chini, mwanangu. Nikasema, "Si mbaya." Ndivyo nilivyosema mbele za watu: si mbaya.

Tangu siku ile tukagawana kazi. Dismas alichukua kuanzia kidevu kwenda juu, mimi nikachukua kuanzia ukosi kwenda chini, pamoja na kofia. Mwanzoni nilijifariji kwamba kichwa bila mwili ni kitu gani? Wateja wakanijibu. Alikuja ajudani mmoja wa jeshi, mstaafu, kuchukua sanamu yake, akaigeuzageuza kwenye mwanga, macho yakamjaa maji. Alimpa Dismas mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Mimi alinisalimia kwa kidevu. Kifungo chenye mashimo manne hakukiona.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Uongo, mimi sababu nilikuwa nazo, nilizihesabu kila asubuhi nikienda kazini. Anacheka kwa sauti kubwa. Anakula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pamoja na vichwa. Ananiita kaka wakati hatukuzaliwa pamoja. Na kubwa kuliko zote, hajisifu. Angejisifu, nadhani ningepona. Lakini mtu akimpongeza alikuwa anasema, "Angalieni koti kwanza, koti njo inafanya mutu akuwe askari," na watu wakaangalia koti kwa heshima, kama unavyomwangalia mtoto wa jirani uliyeambiwa umsalimie.

Nyumbani nikanunua sabuni za mche nikawa nachonga sura kwa siri. Zikinishinda nilizitupa kwenye beseni, na mama yangu akafulia kwa pua na masikio ya watu bila kujua. Hakuna hata moja iliyokuwa hai.

Sasa ndipo ikaja ile picha. Aliileta mzee mmoja wa Bwiza, baba mdogo wa marehemu. Marehemu aliitwa Fideli, koplo, kijana wa umri wangu. Lori lao lilipinduka kwenye kona za milimani wakitoka bara, akafa na wenzake wawili. Mama yake, Mama Fideli, muuza unga wa muhogo, aliletewa sanduku limekwisha kufungwa. Hakuruhusiwa kuliona wala kugusa kilichomo. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na familia ilikuwa inaandaa siku ya kuondoa msiba, ile tunayoiita kuganduka, ambapo jamaa hukaa pamoja, hunywa, husema maneno ya mwisho, na wafiwa huvua nguo za huzuni na kurudi kwenye maisha. Mama Fideli alikuwa amekataa.

"Anasema apana," yule mzee akatueleza. "Anasema ataganduka namna gani na mutu ajamushika? Macho yake yamefunikwa na ukungu, anaona kivuli tu. Anasema, munipe nimushike Fideli kwa mikono mara moja, njo nitamuacha aende."

Picha hiyo ilikuwa ndiyo pekee ya ukubwani. Fideli alipigwa picha hiyo akaacha filamu studio, na baada ya kifo fundi akaisafisha haraka haraka kwa huruma, akaiweka filamu upande usio wake. Mama hakuiona, macho hayakumruhusu. Ilikuwa inamwonyesha Fideli amesimama mbele ya lori la jeshi, anacheka, mdomo umevutika upande mmoja. "Sikio moja iko na kipande imetoka," mzee alisema. "Mbwa alimuluma akiwa mutoto. Mutaiona kwa picha." Upande gani hakusema, wala hakukumbuka. Ni baba mdogo tu, hakumlea.

Mimi macho yangu yalikwenda kwenye koti, kama kawaida yangu. Koti la mwanamume, mwanangu, ubavu wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Jiangalie mwenyewe kama umevaa. Kwenye picha ulilala kinyume. Nikajua hapohapo kwamba sikio, mdomo na kila kitu cha sura ile kimehamia upande wa pili.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Wakati huohuo yule mzee akamwelekea Ramadhani na kusema, "Sura, ninaomba afanye ule kijana wa Buterere. Koti, yeyote."

Koti, yeyote. Mdomo wangu ukafunga wenyewe.

Ilikuwa kazi ya siku nne. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema mchana. Mchana nikajiambia nitasema akimaliza pua. Siku ya pili Dismas alibandua sura mara tatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaja kukaa karibu nami amejishika kichwa. "Salva, kaka," akasema, "ii sura inanikataa. Naifuata, naifuata, mais inakuwa sawa na mutu anajificha. We unaona nini?"

Aliniuliza, mwanangu. Alikuja kwa miguu yake akaniuliza mimi, mtu pekee aliyekuwa na jibu. Nikapuliza vumbi la mastiki kwenye kifungo changu nikamjibu, "Fuata picha. Picha aidanganyake."

Akashukuru. Akarudi kufuata picha.

Na mimi je, koti nilifuata picha? Wapi! Nililigeuza. Nililaza kushoto juu ya kulia kama sheria ya sare inavyotaka, maana nisingevumilia mtu hata mmoja katika jeshi zima aseme Salvatori hajui vifungo. Kiburi changu na wivu wangu vilifanya kazi bega kwa bega juu ya kibao kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikujua kwamba hata kitakachonifichua kilikuwa nguoni vilevile.

Jumapili tukaenda Bwiza, sote watatu. Turubai lilikuwa limefungwa, mabenchi yamepangwa, kreti za soda na pombe ya ndizi ziko tayari pembeni. Sanamu ilifunikwa leso nyeupe. Baba mdogo akasema maneno yake, akaifunua, na watu waliomjua Fideli wakavuta pumzi, maana kwa mbali alikuwa ni yeye. Akaiweka mapajani mwa mama.

Mama Fideli hakuinama kuangalia. Alitumia mikono. Akapapasa kofia, akashuka kwenye paji la uso, akapitisha kidole juu ya pua akatabasamu. Kisha kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye sikio la kulia, na hapo kikasimama. Kikasugua, kikasugua tena. Sikio lilikuwa zima. Akatafuta upande wa pili, akalikuta lile pengo, akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Uyu apana mutoto wangu," akasema, bila hasira yoyote. "Uyu ni wa mwenzangu. Mumurudishie."

Baba mdogo akamsihi, akamwambia ni picha ileile, ni kofia ileile. Akatikisa kichwa. "Ile sikio ya kuume njo nilikuwa namushika kila siku nikimugombeza. Miaka makumi mbili naishika. We utanifundisha? Mi siwezi kuganduka juu ya mutoto wa mwenzangu."

Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, kreti zikarudishwa dukani hazijafunguliwa. Dismas alisimama katikati ya mabenchi matupu akitazama viganja vyake. Tulipotoka nje aliniambia polepole tu, bila kunishuku, "Nilikuambia ii sura inanikataa." Kisha akashika njia ya Buterere, na Jumatatu hakuja kazini, wala Jumanne.

Utanidharau, lakini sitakuficha: nilifurahi. Nilifurahi kutoka Bwiza mpaka Buyenzi, na wewe unajua si mbali. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza sherehe ilikwendaje. Nilimtazama mikono yake ikiwa ndani ya beseni la nguo, nikakumbuka ile mikono mingine ya Bwiza, furaha ikakatika palepale.

Jumatano baba mdogo alirudisha sanamu na picha gerejini, akaviweka juu ya meza bila salamu. Mzee Ramadhani alikuwa ametoka kuswali adhuhuri. Akaichukua picha, akakunja jicho lake lile moja, akakaa nayo kitambo. Halafu akaniita.

"Salva, kuja apa. Angalia ile kamiyo nyuma ya mutoto. Usukani iko wapi?"

Nikaangalia. Kupitia kioo cha lori usukani ulionekana wazi. "Iko kuume," nikasema.

"Tangu lini jeshi yetu iko na kamiyo ya usukani ya kuume? Mi nanyoosha izi kamiyo toka niko kijana, sijaona ata moja." Siku hizi Bujumbura imejaa magari ya usukani wa kulia, hata usingeshangaa. Wakati ule haikuwa hivyo, na mtu wa kuliona hilo alikuwa fundi wa magari. "Kwa iyo ii picha iligeuzwa. Sawa. Dismas ajui magari, ajui makoti, anajua sura. Mi nilichelewa kuangalia, Mungu anisamehe." Kisha akainua sanamu, akaweka ukucha wake mweusi wa grisi juu ya kifungo changu kimoja kidogo. "Mais we. Kwa picha vifungo viko uku. We umeviweka uku. Koti uliigeuza, Salva. Sura uliiacha."

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia kwenye kifungo kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nikatazama viatu vyangu.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. "Mi najinyima kutengeneza sura ya mutu ju namuogopa Mungu," akasema. "We ulikuwa na sura ya mutoto wa mutu kwa meza, mama yake anaingojea, na ukaiacha iaribike. Sasa uniambie, kati ya mi na we, nani anapaswa kumuogopa zaidi?"

Akaenda nyuma ya gereji, akarudi na kioo cha pembeni cha gari, kile cha dereva kuangalizia nyuma, kina ufa kidogo kwenye kona. Akakifunga kwenye kitambaa pamoja na picha, akanipa. "Peleka Buterere. Mwambie aangalie picha ndani yake. Ayo mengine utasema we mwenyewe."

Nilikwenda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa tope tupu, nikafika nimevua viatu. Dismas alikuwa shambani, maji yakimfika magotini, anapandikiza mpunga na dada zake. Aliponiona alifurahi, ndilo lililoniumiza. Alidhani nimekuja kumpa pole.

Nikampa picha na kioo. Aliisogeza picha mbele ya kioo, na nilimwona anavyobadilika. Midomo yake ikaanza kucheza. "Uyu apa," akasema kwa sauti ndogo. "Uyu apa, alikuwa anajificha." Akacheka, akaniangalia aniambie tumepona, kisha akasoma kitu usoni mwangu. Sura alikuwa anazijua, hukumbuki?

"We ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Kabla ujaanza."

Akakishusha kile kioo. Dada zake waliacha kupandikiza wakawa wanatutazama. Nilikuwa nangojea ngumi, nimejiandaa kwa ngumi. Badala yake akaifunga picha vizuri ndani ya kitambaa isiingie maji. "Ya mama nitamaliza," akasema. "Utakuja kufanya koti, ju koti yako iko sawa. Mais kwa meza yako sirudi tena, Salva."

Akatimiza yote mawili. Tulifanya ile sanamu kwao Buterere, juu ya mkeka, siku tatu, tukizungumza ya kazi tu: nipe msasa, nipe wembe. Nikaona sura ya Fideli ikitoka chini ya vidole vyake, mdomo umevutikia upande wake halisi, na nakuambia hata pale, na aibu yangu yote, wivu ulikuwa umekaa nasi kwenye mkeka. Tofauti ni kwamba safari hii niliufanyisha kazi, niliushikisha taa. Nilimnolea spoku, nikamchanganyia mastiki, nikakaa upande asijifanyie kivuli.

Kwa Mama Fideli niliingia mbele. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti juu ya sakafu yake yenye vumbi la unga, kwamba mtoto wake alicheleweshwa na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yenye ukungu yakitazama juu ya bega langu. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"We uko na mama?"

"Niko naye."

"Haya," akasema. Neno hilo bado ninalo.

Dismas akamwekea sanamu mikononi. Kofia, paji la uso, pua. Kidole gumba kikaenda kwenye sikio la kulia, kikakuta lile pengo la mbwa, kikaingia humo kama ufunguo kwenye kufuli yake. Akalishika lile sikio kati ya vidole viwili, akalivuta kidogo, na kwa sauti ya mama anayegombeza akasema, "Fideli. Mbona ulikawia ivi?"

Kisha akaanza kulia, kilio alichonyimwa mwaka mzima. Jumapili iliyofuata aliganduka.

Mwanangu, wivu haukuja kuniambia muue mtu, wala iba, wala choma nyumba. Ningeukataa, mimi ni mtoto wa mama yangu. Uliniomba kitu chepesi sana: nyamaza tu. Ndiyo hila yake. Kwa hiyo siku utakayoona kosa katika kazi ya mwenzako ambalo wewe tu, kwa ujuzi wako, unaweza kuliona, ujue umepewa wewe hilo ulipeleke, na si lako kuliweka mfukoni. Sema palepale, chai ikiwa bado ya moto. Ukisubiri moyo upoe kwanza, moyo wa mwenye wivu haupoi, unajifunza kutoa sababu. Na usidhani unamwumiza mpinzani wako peke yake. Kati yako na yeye kuna mtu amekaa anangojea, ambaye hata hakujui jina.

Wala usijidai huna wivu. Mimi ninao mpaka leo, na ndevu zangu zote hizi. Dismas bado yuko Buterere, mzee kama mimi, na watu wanaacha magari yao kwenye lami wakatembea kwenye matope kumfuata. Juzi nilisikia mtu akimsifu, nikasukuma kikombe changu pembeni. Halafu nikainuka, nikanoa spoku tatu, nikamtumia. Hakunijibu, hajawahi kunijibu, lakini nasikia anazitumia. Ile sanamu ya kwanza, mtoto wa mwenzangu, iko kabatini kwangu. Kila asubuhi ninageuza lile sikio zima la kulia linielekee, linikumbushe nilichonyamazia.

Nenda sasa, mpigie yule mwenzako, mwambie kile ulichokiona. Mungu akupe jicho la kuona kilichogeuka, na mdomo mwepesi wa kukisema. Aibariki mikono yako, aibariki na mikono ya unayemwonea wivu. Na kokote mama yeyote anakomngoja mtoto wake, asiwe ni wewe unayemkawiza.